Kwa nini ganda la kulinda liwe na matundu?

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Niliokota maganda ya makombe na konokono ufukweni. Mengine yana kitundu kimoja cha duara kana kwamba kimetobolewa kwa mashine, mengine yana matundu yaliyojipanga mstari, na mengine yametoboka ovyo. Jikoni nako nimefundishwa kutoboa yai kwa sindano kabla ya kulichemsha, ilhali nimesoma kwamba yai tayari lina maelfu ya matundu. Ikiwa kazi ya ganda ni kulinda, matundu hayo ni ya nini, na je, hayalidhoofishi? Tena, nifanyeje ili niyatoboe makombe yaliyobaki mazima kwa ajili ya mkufu bila kuyavunja?"

Swali lako limebeba maswali matatu, na yote yamejengwa juu ya dhana moja ambayo ningependa kuiondoa mapema, nayo ni kwamba tundu ni upungufu wa ganda. Kiumbe kilichomo ndani huhitaji kuvuta hewa, kutoa uchafu na mara nyingine kupitisha mayai au miguu yake, kwa hiyo ganda lililozibwa kila mahali lingemlinda mwenyewe mpaka afe. Linalofaa kuulizwa ni nani aliyelitoboa tundu, lina ukubwa gani, na ni kitu gani linachoruhusu kupita huku likizuia kingine. Kiswahili kimetupa msaada hapa kwa kutenganisha maneno: shimo kwa kawaida lina chini yake, tundu hutokeza upande wa pili, na ufa ni mpasuko ambao hakuna aliyeukusudia. Tofauti hizo tatu tutazihitaji.

Nianze na kitundu kimoja cha duara, kwa kuwa ndicho kinachowahadaa watu wengi. Hakikutobolewa na mwenye ganda wala na mawimbi. Hiyo ni alama ya mauaji. Wapo konokono wa baharini walao nyama, hasa wa familia mbili ambazo wanasayansi huziita Naticidae na Muricidae, ambao hulikamata kombe, hulishikilia kwa mguu wao, kisha hulitoboa kwa subira ya ajabu. Kazi hiyo hufanywa kwa zamu mbili zinazopokezana: kiungo maalumu kilicho laini hutoa asidi na vimeng'enya vinavyolegeza kalsiamu kaboneti ya ganda, halafu ulimi wenye safu za meno madogo hukwangua sehemu iliyolegezwa, na zamu ya kwanza hurudi tena. Huchukua saa nyingi, na ganda likiwa nene huweza kuchukua siku kadhaa. Tundu likishatokeza, konokono huingiza mrija wa mdomo wake na kumla mwenye nyumba akiwa ndani ya nyumba yake.

Ukiwa na kioo cha kukuzia unaweza hata kumtambua mhalifu. Tundu la Naticidae huwa pana kwa nje na jembamba kwa ndani, kama bakuli lililotoboka kitako, ilhali la Muricidae mara nyingi kuta zake husimama wima zaidi, kama bomba fupi. Baadhi ya maganda utayakuta na shimo ambalo halikupata kuwa tundu: mwindaji aliliacha kabla ya kufika ndani, labda kwa kusumbuliwa na mawimbi au na adui wake mwenyewe, na katika mashimo ya Naticidae ambayo hayakukamilika utaona kijiuvimbe kidogo katikati ya kitako. Mimi huyapenda haya kuliko yaliyokamilika, kwa sababu ni ushahidi wa kombe lililopona. Pweza naye hutoboa, lakini tundu lake ni dogo na halina umbo la kupendeza, kwani haja yake ni kupitisha sumu itakayomlegeza mnyama ili maganda yafunguke yenyewe.

Yale uliyosema yametoboka ovyo yana maelezo mawili. Ganda likiwa na vitundu vingi vidogo vilivyotapakaa hadi linafanana na sega la nyuki, aliyefanya hivyo ni sifongo mtoboaji wa jamii ya Cliona, ambaye hali nyama ya kombe hata kidogo. Hutafuta makazi tu, na hulimeng'enya ganda chembe kwa chembe mpaka likawa jepesi na lenye kuvunjika upesi. Ganda likiwa na tundu moja lenye kingo zisizo sawa, na tundu hilo likawa mahali palipoinuka zaidi karibu na bawaba, basi ni mchanga na mawimbi yaliyolisugua hapo mpaka likaisha. Tofauti na tundu la konokono, hili halina mteremko uliochongwa. Ukuta wake umekonda polepole pande zote.

Tabia ya kutoboa maganda ya wengine ni ya kale sana. Visukuku vya kiumbe mdogo mwenye ganda la umbo la mrija, aitwaye Cloudina, aliyeishi takriban miaka milioni 550 iliyopita, vimekutwa na matundu ya duara yanayofasiriwa kuwa ya mwindaji. Yaani maganda magumu hayakuwa yamedumu sana duniani kabla ya kupatikana wa kuyatoboa.

Sasa tugeukie matundu yanayowekwa na mwenye ganda mwenyewe. Ganda lako lenye matundu yaliyojipanga mstari bila shaka ni la abaloni, konokono mpana wa jenasi ya Haliotis, ambaye ndani yake hung'aa kwa rangi za lulu. Abaloni huvuta maji safi kutoka upande wa mbele, chini ya ukingo wa ganda, huyapitisha kwenye mashavu yake ya kupumulia, kisha huyatoa kupitia matundu hayo pamoja na uchafu, na wakati wa kuzaliana mayai na mbegu hupitia humo humo. Kila anapokua, mkato mpya huanza kwenye ukingo wa ganda na kufungwa ukawa tundu, na yale ya zamani huzibwa kwa ndani, kiasi kwamba kwa wakati mmoja hubaki wazi machache tu, idadi yake ikitegemea aina. Geuza ganda lako uone: makovu ya matundu yaliyozibwa yanafuatana hadi kwenye kizingo cha utotoni, na kwa njia hiyo ganda limetunza historia yake lenyewe. Ndugu zake wa familia ya Fissurellidae, wenye ganda la umbo la kofia, wana tundu moja kileleni linalofanya kazi iyo hiyo. Katika yote mawili kuna msaada wa bure: maji yanayopita kwa kasi juu ya tundu huyavuta maji ya ndani yatoke, sawasawa na upepo upitao juu ya dohani unavyovuta moshi.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, ambaye wengi humfahamu kwa kumkanyaga, akifa na miiba ikadondoka hubaki na ganda jembamba lenye vitundu vilivyopangwa jozi jozi katika mikanda mitano. Kila jozi ilikuwa njia ya mguu mmoja laini unaoendeshwa kwa shinikizo la maji. Na ndani ya mchanga huo huo uliokanyaga ufukweni huenda mna maganda ya viumbe wenye seli moja waitwao foraminifera, jina linalotokana na Kilatini likiwa na maana ya "wabeba matundu." Wengi wao hawafiki milimita moja, nao hunyoosha nyuzi laini za mwili wao nje ya ganda ili kunasa chakula. Jamaa zao wakubwa zaidi, waitwao nummulites, ndio waliojaza mawe ya chokaa yaliyojengewa mapiramidi ya Giza.

Yai ndilo ganda lenye matundu ninalolistaajabia kuliko yote, kwa kuwa matundu yake hayaonekani na bado maisha yote ya kifaranga hutegemea vipimo vyake. Ganda la yai la kuku lina unene wa takriban milimita 0.3 hadi 0.4, na limepenywa na matundu yanayokadiriwa kuwa kati ya 7,000 na 17,000, mengi zaidi yakiwa upande butu. Kiinitete hakina mapafu yanayofanya kazi kwa sehemu kubwa ya siku 21 za kuatamiwa, wala hakuna kitu kinachopuliza hewa ndani. Oksijeni huingia yenyewe kwa kuwa nje ni nyingi na ndani inatumika, na gesi ya ukaa hutoka kwa sababu kama hiyo kinyume chake. Kwa yai la gramu 60, hesabu ya siku zote hizo ni kama lita 6 za oksijeni zinazoingia, lita 4.5 za gesi ya ukaa na lita 11 za mvuke wa maji zinazotoka. Kutoka kwa mvuke huo si hasara. Yai hupoteza takriban asilimia 12 ya uzito wake, na nafasi inayoachwa hujazwa na hewa katika chumba kilicho upande butu, ambako kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza kabla hajavunja ganda. Matundu yangekuwa mengi mno, kifaranga kingekauka. Yangekuwa machache mno, kingekosa hewa na kuzama katika maji yake mwenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi hulipita haraka. Matundu ya yai, ingawa ni madogo, ni mapana vya kutosha kupitisha bakteria, kwa hiyo udogo wake peke yake si ulinzi. Ulinzi unatokana na utando mwembamba uliotanda juu ya ganda na kuziba midomo ya matundu mengi, ngozi mbili zilizo chini ya ganda, na ute wenyewe, ambao una protini zinazowapinga bakteria. Ndiyo maana namna ya kuosha yai ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Ukiliosha kwa maji baridi kuliko yai lenyewe, vilivyomo ndani husinyaa kidogo na kuyavuta maji, pamoja na uchafu uliomo, kupitia matundu. Maji yawe na joto zaidi ya yai, na yai lililooshwa litumiwe mapema au liwekwe kwenye jokofu, kwa kuwa utando wake umekwisha kuondolewa.

Nije kwenye sindano yako. Ukilitumbukiza yai katika maji yanayochemka, hewa ya chumba kile hupanuka ghafla, na matundu ya asili, ambayo yanatosha kabisa kwa upumuaji wa wiki tatu, hayatoshi kuitoa hewa hiyo kwa sekunde chache. Utaziona povu ndogo zikitoka kwa mstari. Hizo ndizo zilizofanikiwa. Tundu moja la sindano upande butu huipa hewa njia pana zaidi, na mara nyingi yai lililoiva hupata kitako cha mviringo badala ya kubonyea. Hata hivyo nisikupe matumaini makubwa mno: mayai mengi hupasuka kwa kugonga sufuria au kwa kutoka kwenye jokofu moja kwa moja hadi kwenye maji yanayochemka, na sindano haizuii hayo. Mimi hutoboa, lakini pia huliteremsha yai kwa kijiko. Sindano iwe safi, yai litobolewe pale linapokwenda kupikwa na si kabla, na usitoboe upande uliochongoka, kwa kuwa huko hakuna chumba cha hewa na utapoteza ute. Wala usidhani kwamba kulitoboa kunalifanya yai zima lifae kupikwa ndani ya maikrowevu. Maji yanapogeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, kiini huweza kupata joto kupita kiasi bila dalili, na yai huweza kulipuka hata baada ya kutolewa, mkononi au mdomoni.

Ukitaka kuona ganda linalofanya kazi kwa kukosa tundu, tazama bisi. Punje ya mahindi ya bisi ina unyevu wa kama asilimia 14, na ganda lake halipitishi mvuke kwa urahisi, hivyo shinikizo la ndani hupanda hadi takriban mara 9 ya lile la hewa ya kawaida, kwenye joto la karibu nyuzi 180 za Selsiasi, ndipo ganda hupasuka na wanga ukavimba kama povu. Punje yenye ufa mdogo huvujisha mvuke taratibu na kubaki chini ya sufuria ikiwa ngumu. Mpishi anayechoma viazi vizima hufanya kinyume chake anapovidunga kwa uma. Nazi ipo katikati ya hao wawili: kifuu chake kigumu kina macho matatu, na kwa kawaida moja tu ndilo laini, ambalo chipukizi husukuma na kutokea. Ukilitoboa jicho hilo peke yake, maji ya nazi hutoka kwa kusitasita, kwa kuwa hewa haina pa kuingilia kuyafidia. Toboa la pili, nayo yatatiririka. Sheria hiyo ya matundu mawili ndiyo inayoeleza kwa nini mfuniko wa birika una kitundu ambacho watu wengi hudhani ni cha mvuke tu.

Vichujio na machekeche sitavizungumzia sana, maana kazi yake ni ya wazi: kikubwa hubaki, kidogo hupita. Vinavyovutia ni vifaa ambavyo tundu lake linachuja kitu kisichoonekana. Mlango wa maikrowevu una bamba la chuma lenye vitundu vya kama milimita moja au mbili. Mawimbi yanayopasha chakula yana urefu wa takriban sentimita 12, na kwa mawimbi marefu kiasi hicho bamba lenye vitundu vidogo namna ile ni kama ukuta usio na tundu. Mwanga, ambao wimbi lake halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, hupita bila kizuizi, nawe ukaona chakula kikizunguka. Mwanakemia wa Kiingereza Humphry Davy alitumia wazo linalokaribiana na hilo mwaka 1815 alipoifunika taa ya wachimba migodi kwa wavu wa nyaya: gesi ya mgodini iliweza kuingia na kuungua ndani, lakini nyaya zilinyonya joto kiasi kwamba mwali haukuweza kutoka nje na kuwasha gesi yote. Na kifuniko cha kalamu yako, ikiwa kina tundu kichwani, hakikutobolewa ili wino ukauke. Kiwango cha kimataifa ISO 11540 kinahusu vifuniko hivyo, na tundu ni mojawapo ya njia za kuhakikisha kwamba mtoto akikimeza kikamkwama kooni, hewa itapata upenyo hadi msaada ufike.

Kuhusu udhaifu, hofu yako ina msingi, na imepimwa. Mwaka 1898 mhandisi wa Kijerumani Ernst Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bamba pana linalovutwa, likiwa na tundu la duara, hupata kwenye kingo za tundu mkazo mara tatu ya ule wa sehemu nyingine, na cha kushangaza ni kwamba udogo wa tundu haupunguzi kiasi hicho. Tundu lenye kona ni baya zaidi. Ndege za abiria za Comet zilipoanguka mwaka 1954, uchunguzi ulikuta mpasuko uliotokana na uchovu wa metali, ulioanzia kwenye kona ya uwazi katika kiwiliwili cha ndege. Lakini maganda ya asili yana kinga mbili. Yamepinda kama tao, hivyo mzigo wa nje huyabana badala ya kuyavuta, na vitu vya jamii ya mawe huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Tena matundu yake ni ya mviringo, na kwa abaloni ni machache tu yanayobaki wazi kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu, abaloni asingefaidika kuacha mstari wake wote wazi, kwa kuwa matundu yaliyopangwa mstari ndiyo njia tunayotumia kuirahisishia karatasi ya stempu kuchanika. Na tundu lenyewe huweza kuwa dawa: mafundi hutoboa tundu la duara kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, kwa kuwa ncha kali ya ufa hukusanya mkazo mwingi kuliko ukingo wa duara.

Haya yote yanakuonyesha namna ya kuyatoboa makombe yako. Kwanza hakikisha ganda halina mwenyewe, wa asili au kaa aliyehamia. Chagua mahali penye unene, mbali na ukingo kiasi cha mara mbili au tatu ya upana wa tundu, na pasipo na ufa. Lilaze ganda juu ya kipande cha mbao au udongo laini unaolijaza kwa chini, kwa sababu vipande hubanduka upande ambao keekee inatokea ikiwa hakuna kinachoushikilia. Chimba kwanza kishimo kifupi kwa ncha kali ili keekee isiteleze, kisha toboa polepole kwa keekee nyembamba huku ganda likiwa limeloweshwa maji, bila kukandamiza; konokono wetu aliyetumia siku kadhaa alijua alichokuwa akifanya. Maji hupoza ganda na kuzuia vumbi lisiruke, na vumbi hilo ni baya kwa mapafu, hivyo vaa barakoa hata kama unatoboa ganda moja. Ukitaka tundu pana, anza na keekee ndogo na uongeze kwa hatua.

Mwisho sugua kingo za tundu kwa msasa, nje na ndani. Watu wamekuwa wakitunga maganda kwenye uzi tangu zamani sana: katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana maganda madogo ya konokono wa jenasi ya Nassarius yenye umri wa takriban miaka 75,000, na jambo mojawapo lililowasaidia wataalamu kuyatambua kuwa ni shanga ni mlaliko na mng'ao ulioachwa na msuguano kwenye kingo za matundu. Kingo zako zikibaki kali, msuguano huo utaukata uzi kabla haujalilainisha ganda.